Ngege, ningu na ulimi wa mzee

Msomaji wetu wa Tabata ameuliza hivi: "Baba yangu alizaliwa na kukulia kando ya ziwa, upande wa Musoma. Juzi nilimnunulia samaki katika soko la Feri, muuzaji akaniambia huyu ni ngege halisi kutoka Mwanza. Nikampikia mchuzi. Alikula vizuri, lakini akimaliza akasema, 'Mwanangu, huyu ni sato. Ngege siye huyu. Na ningu ndiyo kabisa, sijamtia machoni tangu hujazaliwa.' Je, ngege na sato si samaki mmoja? Huyo ningu ni yupi? Na hapa Dar nitawapata wapi, maana mzee anatimiza miaka 80 na ningependa siku hiyo ale samaki wa kwao? Nao walipikwaje? Na shemeji yangu anataka kuchimba bwawa la samaki Ruvu, una ushauri?"

Dada yangu, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Ulimi wake haujamdanganya. Uliyempikia ni sato, na sato na ngege ni samaki wawili, ingawa undugu wao ni wa karibu kiasi kwamba wakikutana majini wanazaana. Muuzaji naye sina sababu ya kumwita mwongo. Siku hizi watu wengi wa Kanda ya Ziwa, na majirani zetu wa Kisumu kuliko wote, wakisema ngege wanamaanisha samaki yeyote wa jamii ya sato na perege. Jina lilihama. Ngege mwenyewe alipopungua ziwani, aliyekalia nafasi yake alirithi na jina lake, kwa hiyo sokoni hakuna aliyestuka. "Ngege" walikuwa wamejaa mezani kama kawaida.

Nianze na namna ya kuwatofautisha, kwa sababu hilo unaweza kulihakikisha mwenyewe ukirudi Feri. Omba samaki mzima, halafu tandaza pezi la mkia kwa vidole viwili mpaka lifunguke lote. Sato ana mistari myembamba iliyosimama, imepangwa sawasawa kuanzia shina la mkia hadi ukingoni, kama mistari ya daftari la shule. Hata akiwa amelala kwenye barafu siku mbili njiani kutoka Mwanza, mistari hiyo haipotei. Ngege hana mpangilio huo mkiani. Kichwa chake nacho ni kidogo ukilinganisha na mwili.

Alama nyingine imejificha kooni. Samaki wa jamii hii wana meno ya pili, mbali na yale ya mdomoni, yameota juu ya mfupa ulioko nyuma ya koo. Ya sato ni magumu kiasi. Ya ngege ni madogo na membamba mno. Ukipitisha ncha ya kidole unahisi kama umegusa brashi laini. Nilipoanza kazi Mwanza, mzee mmoja wa maabara alinifumbisha macho, akaniwekea mifupa miwili mkononi na kunitaka niseme yupi ni yupi. Nilipatia. Tangu siku hiyo sijasahau.

Meno hayo yanakueleza anavyokula. Ngege hatafuni vitu vigumu, yeye huchuja maji. Chakula chake ni mwani mdogo unaoelea, ambao jicho tupu haliuoni, na hasa ule wenye ganda gumu linalofanana na kioo, unaoitwa dayatomu. Mwili unaojengwa kwa chakula cha namna hiyo huwa na nyama nyeupe, laini, isiyo na harufu ya tope. Wazungu waliokuja kumchunguza walivutiwa na jambo hilohilo. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham aliongoza uchunguzi mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa Ziwa Victoria, na ndiye aliyempa ngege jina la kisayansi, ambalo leo huandikwa *Oreochromis esculentus*. Neno *esculentus* ni la Kilatini, maana yake ni anayefaa kuliwa. Angeweza kumpa jina la ziwa au la mkubwa wake wa kazi. Akachagua kutaja sahani.

Ngege wa kawaida alikuwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, na mkubwa kabisa alikaribia nusu mita. Uzazi wake ndio unaonigusa zaidi. Dume huchimba shimo chini, kwenye maji ya kina kifupi, na kulilinda. Jike hutaga humo, kisha anayaokota mayai kwa mdomo na kuondoka nayo. Mayai yanaanguliwa mdomoni mwake. Vifaranga vikishaanza kuogelea hutoka kula, hatari ikitokea vinakimbilia mdomoni tena. Kipindi hicho chote mama hali kama kawaida yake. Nimewahi kushika jike aliyetolewa wavuni, akafungua mdomo akihema, na vifaranga kama punje za ulezi vikamwagika kwenye kiganja changu. Samaki wa namna hii hatagi kwa wingi. Anaishi kwa kutunza wachache vizuri. Ukimtoa mama mmoja, umeondoa na wote aliowabeba.

Sasa, nini kilimpata? Watu wa ziwani walikuwa wakimvua tangu enzi kwa ndoano, migono (mitego ya kusukwa kama kikapu) na makokoro yaliyosukwa kwa mafunjo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za kutega za uzi wa kitani ziliingizwa kwenye ghuba ambayo leo inaitwa Winam. Mwanzoni wavu mmoja ulitoa ngege 50 hadi 100. Graham alipofika, miaka ishirini na kitu baadaye, ndani ya ghuba hiyo walikuwa hawafiki 10. Alipendekeza nyavu zenye macho yasiyopungua inchi 5, ili samaki azae kwanza kabla hajavuliwa. Sharti hilo liliwekwa, likalegezwa, na hatimaye likaondolewa. Uzi wa nailoni ulipokuja, wavu ukawa mwepesi, wa bei nafuu, na hauozi.

Ili kufidia pengo, miaka ya 1950 wakubwa wa uvuvi walipandikiza ziwani samaki wageni wa jamii ya ngege, sato akiwa mmoja wao. Sangara naye aliingizwa miaka hiyohiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Habari ya sangara mzee anaijua kuliko mimi: miaka ya 1980 alilipuka, furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwani, wa aina mamia wakamezwa, viwanda vya minofu vikaota. Sitaki kumtupia sangara lawama zote, maana ngege alikuwa ameshapungua sana kabla hajatawala. Sato ndiye mpinzani niliye na uhakika naye zaidi. Anakua zaidi, anakula karibu kila kitu, mwani, wadudu, hata samaki wadogo, na anazaana na ngege hadi damu ya ngege inayeyuka ndani ya damu yake. Halafu maji yenyewe yalibadilika. Mbolea na udongo wa mashambani, pamoja na maji machafu ya miji, vilirutubisha ziwa kupita kiasi, dayatomu zikazidiwa na mwani wa bluu-kijani. Watafiti wa mwanzo waliopasua matumbo ya ngege walikuta mwani huo ukipita bila kusagwa vizuri. Tumbo la sato linaumudu. Kwa hiyo ngege alivuliwa, akaibiwa kizazi, akabadilishiwa na chakula.

Hajaisha kabisa. Amebaki katika vijiziwa vilivyojitenga na ziwa kubwa kwa kuta za mafunjo, kama Kanyaboli kule Kenya, na kwetu Malimbe karibu na Mwanza na Kirumi mkoani Mara. Sangara anahitaji hewa nyingi majini na kwenye mafunjo mazito hapiti kirahisi. Aliwahi pia kupandikizwa mbali na kwao, ikiwemo bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini kila mahali sato anapofika, usafi wa kizazi unakuwa mashakani.

Tuje kwa ningu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu huyu hana watu wa kumsemea. Jina la kisayansi ni *Labeo victorianus*, lililotolewa mwaka 1901. Hana undugu na sato. Ni wa ukoo wa kapi na kuyu: mwili mrefu wa mviringo, magamba ya rangi ya fedha iliyofifia, urefu usiozidi sana sentimita 40. Mgeuze utazame mdomo. Umeangalia chini, na midomo ni minene, yenye nyama, kama ya mtoto anayenyonya. Anautumia kukwangua mwani kwenye mawe na kufyonza mabaki ya majani yaliyooza chini. Ngege anakula kinachoelea, ningu anakula kilichotulia. Wawili hao waliweza kuishi ziwa moja bila kugombea sahani.

Tofauti kubwa iko kwenye safari. Ngege anaweza kuzaliwa, kuzaa na kufa ndani ya ghuba moja. Ningu hawezi. Mvua zikishika, mito ikaanza kushusha maji mekundu, ningu waliokomaa hukusanyika kwenye milango ya mito na kupanda: Kagera, Mara, na kwa upande wa Kenya Nzoia, Yala na Sondu. Wanapanda kwa makundi mpaka kwenye mbuga zilizofurika, wanamwaga mayai maelfu kwa maelfu kwenye nyasi zilizozama, kisha wanarudi. Hakuna anayelinda. Mayai yanaanguliwa upesi, vifaranga vinakula kwenye maji ya mafuriko yenye joto na chakula tele, na maji yakipungua vinateremka navyo. Mafuriko yakiwa mafupi, au mbuga ikiwa imelimwa hadi ukingo wa mto, mwaka huo umekwenda bure.

Wazee walimvua humohumo safarini, kwa uzio wa fito na migono. Lakini mto ukifura uzio ulizama au kubomoka, na samaki wengi wakapita. Nyavu za kutega zilipohamia mlangoni mwa mto, hazikuacha upenyo. Wavuvi walijua mwezi na wiki, wakawasubiri wakiwa na mimba. Kwenye Mto Nzoia, kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeshaporomoka, na migono nayo ikaanza kuachwa, kwani mwenye mgono huko juu hakuwa na cha kutega tena. Zingatia kwamba hapa sangara hajalipuka bado. Wavu uliowekwa mahali pamoja, wakati mmoja wa mwaka, ulitosha.

Upande wetu, tumaini lake kubwa ni Mto Mara. Unaanzia kwenye nyanda za Mau nchini Kenya, unapita Serengeti, unatuama kwenye kinamasi kipana cha mafunjo, kisha unaingia ziwani baada ya daraja la Kirumi, ambalo mzee amelivuka mara nyingi akienda Tarime. Ningu bado wamo humo. Msitu ukikatwa Mau, maji yanakuja kwa ghafla na matope, kisha yanakauka mapema. Ningu aliyeko mamia ya kilomita chini ndiye anayelipa.

Shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, limewaweka wote wawili daraja moja, walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Daraja ni moja ila dawa haifanani. Ngege unaweza kumtunzia kijiziwa kimoja, ukazuia nyavu za macho madogo na kuhakikisha hakuna anayemwaga sato humo, naye akaendelea. Ningu ukimfungia bwawani peke yake umemkatia safari. Watafiti wa Uganda na Kenya wamefanikiwa kumzalisha kwa kumchoma sindano ya homoni, na hiyo ni habari njema sana, lakini kifaranga cha kwenye tangi kinahitaji mto wa kurudishwa. Kwa ningu, mimi ningeanza na kalenda: wavu usionekane mlangoni mwa mto kipindi cha kupanda. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya kwenye mialo, yaani fukwe wanakotia nanga wavuvi, vile vinavyoitwa BMU, vinaijua miezi hiyo bila kuambiwa na mtu wa mjini.

Umeuliza pia mapishi. Ngege alipendwa kuliko samaki wote wa ziwa, na wazee wa Mara na wa Bukoba watakwambia utamu wake ulikuwa haupaswi kufunikwa. Alichemshwa kwa chumvi na maji kidogo, pengine na nyanya na kitunguu, akaliwa na ugali wa mtama na muhogo, au kwa ndizi kule Kagera. Ningu ni kazi nyingine. Nyama yake ni tamu lakini imejaa miiba midogo yenye panda, imetawanyika hadi ndani ya mnofu, mtoto hapewi bila kuangaliwa. Ndiyo maana wengi walimbanika juu ya moshi mpaka akakauka, halafu wakamchemsha taratibu. Aliyetaka kumkaanga alimpiga chale za karibukaribu ubavuni, kisu kikate ile miiba vipandevipande, mafuta ya moto yamalizie. Na kwa kuwa alivuliwa akipanda kuzaa, mara nyingi alikuja jikoni na mayai yake tumboni. Ulikuwa ni ulaji wa shibe, na kila sufuria ilipunguza msimu uliofuata.

Hapa Dar usiwatafute. Nakuomba hivyo kwa heshima zote, nikijua ni kwa ajili ya baba. Ngege wa kweli Feri hutampata, na ningu akiletwa kwa agizo kutoka Musoma, ujue ametolewa kwenye kundi ambalo lina nafasi chache zilizobaki. Mnunulie sato wa kufugwa, wa kwenye vizimba vya ziwani au kwa wafugaji wa pembezoni mwa jiji. Chagua wa nusu kilo au pungufu kidogo, macho yang'ae, mashavu yawe mekundu. Kasoro ya samaki yule wa juzi inawezekana ilikuwa siku alizokaa kwenye barafu, hata kabla ya ukoo wake. Kwa hiyo ukiweza mchukue kwa mfugaji wa karibu, aliyevuliwa asubuhi hiyohiyo. Mparue magamba, mtoe matumbo na ule utando mweusi wa ndani wote, maana ndio unaoleta uchungu. Mpake chumvi na ndimu, mwache robo saa. Tandaza nyanya na vitunguu chini ya sufuria, mlaze juu yake, maji yafike nusu ya mwili wake, funika, moto mdogo. Usimgeuze. Na dada, tui la nazi liache siku hiyo. Sisi wa pwani tunaliweka kila mahali, lakini mchuzi wa utotoni mwa mzee haukuwa nalo. Kwa hamu ya ningu, mbanikie kambare wa kufugwa. Ana mafuta, anashika moshi vizuri.

Jambo moja nikuombe zaidi, kwa kuwa umesema shemeji yako anataka kuchimba bwawa Ruvu. Vifaranga vya sato visifike mtoni, hata kwa bahati mbaya wakati wa mvua. Mito yetu hii ya mashariki, Ruvu, Wami na Rufiji, ina perege wake wa asili, naye anazaana na sato kama ngege alivyofanya. Achimbe mbali na njia ya mafuriko, na mfereji wa kutolea maji auwekee chujio la wavu mdogo.

Siku ya sherehe, mzee akishakula, tafadhali muulize maswali matatu na uyaandike majibu: ningu wa mwisho alimwona mto gani, mwezi gani, na walimvua kwa kitu gani. Muulize pia kama anakumbuka rangi ya ngege dume. Ukipata, niletee. Nina daftari ninaloandikia maneno ya wazee wa ziwa, na kwa upande wa Musoma kurasa bado ni chache.